Chumba cha mwanafunzi wa udaktari: Chiromo kwanza

Assalamu alaikum, ndugu yangu. Umeuliza iwapo mwanao, aliyeitwa kusomea udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi, akodishiwe chumba karibu na Hospitali ya Kenyatta tangu sasa. Naomba msifanye haraka, kwa kuwa katika masomo haya ya miaka 6 wanafunzi huanzia Chiromo, kampasi nyingine ya chuo hicho, kwenye anatomia (maumbile ya mwili) na fiziolojia (utendaji kazi wa mwili), na baadaye ndipo huhamia wodini Kenyatta. Aombe bweni la chuo mapema. Akilikosa, tafuteni chumba ambacho atafika Chiromo kwa miguu, hata kikiwa kidogo.

Binti yangu alipoondoka hapa Langoni, Lamu, kwenda Nairobi tulimfungia madera na leso tele, tukasahau sweta, na mwezi wa Julai akawa ananipigia simu amejifunika mablanketi mawili. Mnunulieni pia makoti meupe mawili, si moja, kwa sababu harufu ya fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti za kujifunzia, hushika nguo, na koti lililofuliwa jioni kwa baridi ile huamka bichi. Vyeti vyake vifungwe vizuri visiingie maji, kwani kwenye boti ya kuvukia Mokowe, bara, mawimbi hurukia mizigo.