Tini na Maiti kwa Kitenzi Kimoja

SWALI: Katika mafundisho ya Biblia hapa kwetu tuliambiwa kwamba mtini unaopevusha tini zake (Wimbo Ulio Bora 2:13) na maiti ya Yakobo iliyotiwa dawa isioze (Mwanzo 50) vimeelezwa kwa kitenzi kimoja cha Kiebrania, chenye maana ya kutia viungo vya manukato. Je, ni kweli? Tini hutiwaje viungo?
Msomaji, Masasi, Mtwara

JIBU: Kitenzi ni kimoja kweli, nacho ni hanat. Ni adimu mno: katika Biblia nzima ya Kiebrania kimetumika mara 4 tu, yaani mara 3 katika Mwanzo 50, aya ya 2 na ya 26, na mara 1 katika aya hiyo ya Wimbo.

Hayo ya viungo ndiyo yanayonitia shaka. Yanaegemea Kiarabu, ambamo neno la mzizi huo hutaja manukato anayopakwa maiti, ikiwamo kafuri, ile ambayo sisi wa pwani huiita karafuu maiti. Lakini Mwanzo 50 haitaji kiungo hata kimoja. Inataja waganga na siku 40, na tunajua kwamba Wamisri waliukausha mwili kwa chumvi ya jamii ya magadi. Tena, mfalme Asa alipolazwa katika manukato (2 Nyakati 16:14), mwandishi alitumia kitenzi kingine, rakah, ambacho ndicho cha kazi ya mchanganya marhamu katika Kutoka 30.

Kiarabu hicho hicho kina hanata kwa mazao yaliyofikia kuvunwa, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia: kitu kibichi kinabadilika hali, rangi na harufu. Anayepita chini ya mikorosho mwezi wa Oktoba haambiwi kwamba mabibo yako tayari, kwa kuwa pua imekwisha kumwambia, wala hakuna aliyeyatia kiungo.

Hata hivyo, tusiseme tini hizo zimeiva. Aya inaziita pagim, nazo ni tini changa, bado za kijani. Embe lililopevuka hulichumi ukalila papo hapo; unalivundika kwanza. Ndiyo maana wafasiri walioandika "kupevusha" wamelenga kuliko ambao wangeandika "kuivisha".