Kabla hujanunua mlango wa mtumba wa gari lako

Mlango wa dereva wa gari langu, Toyota IST, uligongwa na lori dogo lililokuwa likirudi nyuma sokoni. Kwa nje palionekana bonde moja tu, ukubwa wa sinia. Fundi bodi wa kwanza aliutazama akasema, "Dada, huu tunanyoosha, tunapiga puti, keshokutwa unachukua gari." Nilikaribia kukubali. Kilichonizuia ni mlango wenyewe: kila nikiufungua ulishuka, na kuufunga ilibidi niunyanyue.

Fundi wa pili alifungua kava la ndani, akamulika kwa tochi ya simu, akanionyesha chuma kilicholazwa ndani ya mlango kutoka mbele hadi nyuma. Kilikuwa kimepinda. Chuma hicho kimewekwa ili gari jingine likikupiga ubavuni lisikufikie kirahisi ulipokaa. Bati la nje linanyooshwa, lakini chuma hiki kimetengenezwa kigumu makusudi, na kikishapinda, nyundo hairudishi nguvu yake. Puti ingefunika bonde, nami ningeendelea kuwapeleka watoto shule nikiamini nina kinga ambayo haipo. Usikubali puti kabla kava la ndani halijafunguliwa ukaona chuma hicho kwa macho yako. Kama kimenyooka na bawaba ziko sawa, nyoosha. Kama kimepinda, tafuta mlango mwingine.

Nilikwenda Ilala, Dar es Salaam, kutafuta mlango wa mtumba. Kosa langu la siku ya kwanza lilikuwa kusema "naomba mlango wa IST." IST ya kwanza, ya mwaka 2002 hadi 2007, ina chesisi za NCP60, NCP61 na NCP65, na mlango wake hauingii kwenye IST ya pili ya NCP110. Piga picha kile kibao kilicho chini ya boneti, ukutani upande wa kabini. Kina namba ya chesisi, na kwenye mstari wa C/TR kuna kodi ya rangi. Gari langu ni 040, nyeupe, kwa hiyo niliweza kutafuta mlango mweupe kuanzia mwanzo.

Halafu kuna swali ambalo muuzaji hatakuuliza mpaka umeshatoa hela: mtupu au kamili? Mlango mtupu ni bati na chuma chake tu. Kamili una kioo, mashine ya kioo na mota yake, kitasa, nyaya, swichi, raba na kava. Siku ile mtupu nilitajiwa 180,000 na kamili 320,000. Mtupu unavutia, na kama vitu vyako vya ndani vimepona ni chaguo zuri. Kioo changu kilikuwa kimevunjika na mashine imekwama, na nilipouliza bei ya kimoja kimoja, jumla ilipita ile ya mlango kamili. Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani, andika kwenye karatasi nini kimepona na nini kimekufa.

Ukiuona mlango, usianze na rangi. Uinue uangalie ukingo wa chini, kwenye vile vitundu vya kutolea maji. Vikiziba, maji hukaa ndani na bati huoza kuanzia huko, na sisi wa pwani tunajua chumvi inavyokula chuma. Nenda na sumaku ndogo, uipitishe taratibu juu ya bati lote. Inapoacha kushika, chini yake kuna puti. Mimi niliikataa milango miwili kwa sumaku hiyo, mmoja ukiwa umepakwa rangi ya kupendeza kweli. Bawaba zichezeshe kwa mkono. Omba kioo kipandishwe na kushushwa kwa betri, muuzaji mzuri hakatai. Na dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Milango na vioo vya wizi vinauzwa mjini, na sitaki mlango wangu uwe umetolewa kwenye gari la mwenzangu usiku.

Mlango wa dereva una jambo lake: unakuja na silinda yake ya ufunguo, na ufunguo wake haupo. Hamisha silinda ya mlango wako wa zamani. Fanya hivyo pia kwa nyaya kama soketi hazifanani, maana gari lenye vioo vya pembeni vinavyojikunja huwa na waya za ziada. Ndiyo maana usimwachie mtu mlango wa zamani mpaka wiki ipite.

Siku ya kufunga, kaa hapo hapo gereji. Betri ichomolewe waya wa hasi kwanza. Kabla bawaba haijalegezwa, fundi achore mstari kuizunguka kwenye bodi, ili mlango mpya urudi pale pale. Mlango kamili ni mzito, hivyo wawe wawili, au mmoja na jeki iliyofungwa kitambaa. Ukishapanda, tazama nafasi kati yake na madigadi, kisha kati yake na mlango wa nyuma: iwe sawa juu hadi chini. Kile chuma cha kwenye nguzo ambacho kitasa hujifungia kirekebishwe mwisho kabisa. Fundi akianza nacho, anaficha mlango uliokaa upande. Kisha funga mlango ukibana karatasi kwenye raba, uivute. Ikitoka bila kukwama, raba haishiki hapo. Rudia pande zote.

Rangi sitaisema sana. Nyeupe yangu ilikuwa imepigwa jua miaka mingi, kwa hiyo hata 040 kwa 040 hazikulingana, na ilibidi rangi ivutwe kidogo hadi kwenye madigadi na mlango wa nyuma. Mwenye rangi ya metaliki ajiandae zaidi.

Jambo moja karibu linipite. Nyuma ya kava kuna nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi. Mafundi wengi huichana na kuitupa, kwa sababu gari linatembea bila hiyo. Lakini maji ya mvua huingia ndani ya mlango siku zote kupitia ukingo wa kioo, na nailoni hiyo ndiyo inayoyaelekeza chini kwenye vitundu badala ya kuyaacha yaingie miguuni pako. Yangu ilikuwa imechanika. Nilimwomba fundi akate nyingine nzito, akaibandika kwa gundi mpya kuzunguka ukingo wote, nikasimama nikimwangalia hadi akamaliza.

Masika yalipoanza, nilipitisha kiganja chini ya zulia la dereva kila asubuhi kwa wiki nzima. Palikuwa pakavu.