Kabla Hamjagombana Mazoezini, Ulizaneni Filamu

Wiki hii nimeletewa ujumbe na kijana mmoja mpiga gitaa. Anasema bendi yao ya roki inaelekea kuvunjika. Wote wanadai kupenda muziki uleule, wote wana fulana za Metallica, lakini wakikutana mazoezini hakuna wimbo unaofika mwisho. Huyu anataka kasi, yule anataka nyimbo ndefu za huzuni. Anauliza wafanye nini.

Namjibu hapa ili na wengine mfaidike, maana najua mnaonisoma nyote mna ndoto ya kusimama jukwaani huku umati ukiimba maneno mliyoyaandika nyinyi. Acheni kuulizana mnapenda bendi gani. Ulizaneni mnapenda filamu gani.

Swali la bendi halijibiwi kwa ukweli. Anayetaka kukubalika na wenzake hutaja majina makubwa, na kila mtu ana majina yaleyale. Kwenye filamu hakuna anayejichunga. Mtu akikutajia ile aliyoitazama mpaka akakariri maneno yake, tayari amekwambia kama anapenda kuogopa, kucheka au kungoja. Na muziki wake utafuata hukohuko.

Tazameni wakubwa. Kule Birmingham, Uingereza, kulikuwa na vijana wanne wakijiita Earth. Mkabala na walipofanyia mazoezi palikuwa na jumba la sinema, na watu walipanga foleni kutazama filamu ya kutisha ya Mario Bava ya mwaka 1963. Vijana wakajiuliza: ikiwa watu wanatoa pesa zao ili waogopeshwe, kwa nini muziki nao usiwaogopeshe? Jina la filamu hiyo, Black Sabbath, likawa la wimbo, kisha la bendi, na mwaka 1970 la albamu yao ya kwanza. Steve Harris, mpiga besi wa bendi ya Iron Maiden, naye alitazama filamu ya kutisha Damien: Omen II, akaota ndoto mbaya, na ndoto hiyo ikachangia wimbo The Number of the Beast wa 1982. Wengine tukiota vibaya tunageuza mto tu.

Kirk Hammett, mpiga gitaa wa Metallica, anapenda filamu za kutisha tangu utotoni. Mabango yake ya filamu hizo ni mengi kiasi kwamba mwaka 2017 yaliwekewa maonyesho katika jumba la makumbusho la Peabody Essex, Salem, Marekani. Bendi yake nayo, tangu miaka ya themanini, huingia jukwaani kwa muziki wa Ennio Morricone kutoka The Good, the Bad and the Ugly ya 1966, pale jambazi Tuco anapokimbia kama mwehu makaburini akitafuta kaburi lenye dhahabu. Usikilize vizuri: unaanza taratibu, unapanda, unazidi kupanda mpaka moyo unataka kutoka. Halafu rudi kwenye nyimbo zao ndefu, zile zinazoanza na gitaa pekee kwa upole. Mimi siamini kwamba hapo kuna bahati tu. Na kwa video ya wimbo wao One ya 1989 walitumia vipande vya Johnny Got His Gun, filamu ya askari aliyepoteza mikono, miguu, macho na masikio vitani, mpaka wakanunua kabisa haki zake.

Msidhani ni vitisho na huzuni tu. Queen waliziita albamu mbili mfululizo, ya 1975 na ya 1976, kwa majina ya filamu za vichekesho za ndugu wa Marx: A Night at the Opera na A Day at the Races. Katika ile ya kwanza, jamaa wanavuruga onyesho la opera bila huruma. Sasa sikilizeni Bohemian Rhapsody, iliyomo kwenye albamu hiyo, mniambie hamwoni undugu. George Harrison wa Beatles yeye alivuka mipaka: wafadhili walipojitoa kwenye Life of Brian, filamu ya vichekesho ya kundi la Monty Python, aliweka nyumba yake rehani ili filamu itengenezwe, kwa sababu alitaka kuiona. Ikatoka 1979.

Haya siyatoi hewani. Bendi yangu ya kwanza ilikuwa na mgogoro kama wa kijana huyu. Nikapendekeza kila mmoja alete filamu yake, tutazame pamoja, halafu ndipo tutunge. Mwimbaji wetu alicheka mbele ya wote, akauliza kama nimeamua kufungua jumba la sinema. Baadaye akaondoka na mpiga besi, akaondoka na jina la bendi pia. Jina nililolibuni mimi. Watu huniambia nisahau. Wao hawajawahi kuona jina lao kwenye bango la mtu mwingine.

Aliyebaki ni mpiga dramu, yule tuliyekuwa tukimlaumu kwamba ni mvivu, anaruka mapigo. Akaleta hiyohiyo filamu ya Tuco. Mwishoni wanaume watatu wamesimama wanatazamana, na kwa muda mrefu hakuna anayefyatua risasi. Jamaa hakupepesa macho. Nikaelewa papo hapo: hakuwa mvivu, alikuwa akiacha nafasi kwa makusudi, na sisi wapiga gitaa ndio tulikuwa tunaijaza kwa kelele. Wimbo wetu mpya una sehemu kabla ya kiitikio cha mwisho ambapo sote tunanyamaza, kisha dramu inaingia peke yake. Jumamosi iliyopita watu walitudai tuurudie. Naringa, ndiyo, na nina haki.

Kwa hiyo tazameni pamoja. Zimeni simu. Asiyeipenda filamu ya mwenzake anyamaze mpaka mwisho, kisha aulize kwa nini mwenzake anaipenda. Mkimaliza moja, tazameni nyingine, pamoja. Vijana wengi mnataka kusikilizwa na maelfu ilhali hamjawahi kumsikiliza mtu mnayeshika naye vyombo chumba kimoja. Mnahangaikia gitaa la bei, mnahangaikia picha za bendi, na mwenzenu hamjui kinachomliza. Mtu wa namna hiyo asishangae akijikuta anapiga peke yake.

Yule mwimbaji, nasikia, bendi yake sasa inatafuta mpiga dramu. Wangu haendi popote.