Mdogo wangu halii, lakini hafurahii chochote

Msomaji wetu wa Umoja anaeleza kwamba mdogo wake wa miaka 26 ameacha kwaya, hatazami tena mpira, na juma lililopita alimpa jirani gitaa lake alilolipenda mno. Nyumbani wanasema ni uvivu. Anauliza kama huu ni ugonjwa, na kama kumtajia kifo kutamtia wazo hilo kichwani.

Dada yangu mpendwa,

Mvivu hukwepa kazi, raha haikwepi. Mdogo wako ameacha hata raha. Kupotea kwa hamu na furaha ni mojawapo ya dalili kuu mbili za ugonjwa wa sonona (depression), nyingine ikiwa huzuni, na inapodumu kwa majuma mawili au zaidi pamoja na mambo kama uchovu na kukosa usingizi, daktari anapaswa kumwona mgonjwa, hata kama hajatoa chozi.

Wasiwasi wangu ni mkubwa zaidi ya hapo. Tafiti zimehusisha hali hii na mawazo ya kujiua, hata baada ya kuzingatia ukali wa dalili nyingine za sonona. Wengi hawafiki huko, namshukuru Mungu, lakini asiyeonja raha leo huona shida kuamini kwamba ataionja kesho, na ndiyo sababu kumwambia ajikaze hakumsaidii. Kugawa kitu cha thamani namna ile nako ni ishara ya hatari, kwa hiyo usingoje.

Muulize leo, mkiwa wawili tu, kwa maneno ya wazi: "Umekuwa ukifikiria kujiua?" Swali hilo halipandikizi wazo, mara nyingi humpa mtu nafasi ya kupumua. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu zilizo karibu naye, kisha mpeleke usiku huohuo katika kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, au Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili jijini Nairobi, kwenye barabara ya Thika. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo.

Familia ikihofia polisi, waeleze kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Akikana, bado aende kliniki juma hili, nawe uandamane naye. Sonona hutibika kwa ushauri nasaha, kwa dawa, au kwa vyote viwili, ingawa hamu huweza kuchelewa kurudi kuliko usingizi. Kwaya isubiri, kwa sasa mwombe tu mtembee pamoja jioni, hata kama atasema hana hamu.