Muulize Dokta: Vidonda vinatunga usaha, na hela hakuna

SWALI: Dokta habari za kazi. Mi ni nesi wa tieta (chumba cha upasuaji) kwenye kituo cha afya huku Rungwe. Akina mama waliojifungua kwa oparesheni wanaondoka vizuri siku ya tatu, baadae tunasikia huko kijijini kidonda kimefumuka. Mfawidhi anasema hatuna vifaa, tusubiri bajeti. Na mvua hizi nguo za tieta hata hazikauki. Tuanzie wapi?

JIBU: Pole na majukumu sista. Kuhusu vifaa mfawidhi kasema kweli, ila kuna mambo hapo kwenu hayasubiri bajeti.

Umesema "tunasikia". Kwani ni wangapi? Kidonda mara nyingi kinaharibika mama akiwa keshafika nyumbani anapika, rejista ya wodi inaonyesha kila kitu safi. Nunueni kauntabuku, mchore mistari: tarehe, nani kapasua, antibayotiki imechomwa saa ngapi, kisu kimeingia saa ngapi, na namba ya simu ya mama au ya jirani mwenye simu. Mpigieni siku ya 7 na siku ya 30, maana maambukizi ya kidonda yanafuatiliwa mpaka siku 30. Halafu angalieni hizo safu mbili za saa, sitashangaa mkikuta kuna dozi imechomwa mgonjwa keshaanza kushonwa. WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, wanataka iingie kabla ya kisu, ndani ya dakika 120, na oparesheni ya uzazi ni hivyohivyo, sio kusubiri kitovu cha mtoto kibanwe kama tulivyofundishwa wengine zamani. Mkishashona basi, hizi sindano za siku tano "kwa usalama" ni kumaliza dawa tu, labda kama mama alikuwa na maambukizi tayari.

Nguo sasa. Mvua za Tukuyu nazijua. Paketi ya nguo ikitoka kwenye otoklevu (ile mashine ya mvuke ya kuua vijidudu) imelowa msiitumie hata kama ile tepu iliyobandikwa juu yake imebadilika rangi, tepu inawaambia joto limepita hapo nje, haiwaambii ndani kukoje, na kitambaa kibichi kinapitisha vijidudu. Msishindilie mzigo, na acheni ukauke humohumo kabla ya kutoa. Mama naye mfunikeni vizuri, mwili ukipoa sana kidonda kinashambuliwa kirahisi.

Halafu ile karatasi ya WHO yenye vipengele 19 vya kuhakikisha usalama wa oparesheni, najua ipo ukutani na watu wanaitiki kazi ikishaisha. Isomwe kwa sauti! Mwaka 2007 na 2008 ilijaribiwa kwenye hospitali 8 duniani, moja ikiwa London, nyingine Toronto, nyingine hapo Ifakara ukishavuka Udzungwa, na kwa ujumla vifo vikashuka kutoka 1.5 mpaka 0.8 kwa kila wagonjwa 100. Mimi naona kazi kubwa haifanywi na karatasi, inafanywa na ile dakika moja mpasuaji, mtu wa usingizi na nesi wanaposimama na kuulizana, dawa imechomwa? damu ipo? Na nesi akisema bado, kisu kinasubiri. Kwetu hapo ndo pagumu, nesi gani atamwambia dokta asubiri? Kwa hiyo mfawidhi alitangaze mwenyewe kwenye kikao cha asubuhi, wote wasikie, sio akunong'oneze wewe.

SWALI: Shikamoo dokta. Baba anafanyiwa oparesheni ya ngiri wiki ijayo, shangazi anasema tumnyoe nyumbani kabisa kwa wembe mpya. Ni sawa? Msomaji, Makete.

JIBU: Marahaba. Hapana, msimnyoe. Wembe hata uwe mpya unaacha mikwaruzo midogo na vijidudu vinajificha humo. Aoge vizuri na sabuni ya kawaida tu usiku ule au asubuhi yake, nywele zikileta shida watazipunguza wenyewe hukohuko kwa mashine. Shangazi mwambie dokta kakataa. Na kama mzee anatumia dawa za presha au sukari mwende nazo na pakiti zake, mtu wa usingizi atauliza.