Ini zima, mshipa umeziba: daktari wa upasuaji anaogopa nini?

SWALI: Daktari, dada yangu anasumbuliwa na mawe kwenye mfuko wa nyongo. Altrasaundi imeonyesha pia kuwa mshipa wa porta umeziba. Vipimo vya ini ni vizuri, lakini daktari wa upasuaji hataki kupanga tarehe mpaka afanyiwe CT (picha za ndani ya mwili kwa mashine ya eksirei) na endoskopi (kamera ndogo inayopitishwa mdomoni). Kama ini ni zima, kikwazo ni nini?

JIBU: Ni damu, ndugu yangu, na daktari huyo anafanya sawasawa. Mshipa wa porta hupeleka kwenye ini damu itokayo kwenye utumbo na wengu, takriban asilimia 75 ya damu yote ambayo ini hupokea. Ukiziba, damu hutafuta njia za pembeni. Vijishipa ambavyo kwa kawaida hata havionekani huvimba, kuta zake zikiwa nyembamba na shinikizo ndani yake kubwa. Navyo hujazana palepale panapotakiwa kukatwa: kuzunguka njia ya nyongo, kwenye ukuta wa mfuko wenyewe, na ndani ya makovu ya upasuaji wa zamani kama upo. Kimoja kikichanika, damu huwa ngumu kuzuia, na katika kuhangaika kuizuia njia ya nyongo inaweza kujeruhiwa. Vipimo vya ini havionyeshi lolote kati ya haya.

Tena wengu likivimba hunasa chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hivyo idadi yake ijulikane mapema na damu ya kuongezewa iwe tayari.

CT yenye dawa ya mshipani humchorea daktari ramani ya mishipa hiyo. Endoskopi hutazama iliyovimba kwenye umio, na ikibidi hufungwa kwa vipete vidogo vya mpira. Kwa baadhi ya wagonjwa shinikizo hupunguzwa kwanza, kwa kuiundia damu njia mpya, ndipo mfuko uguswe. Wengine huachiwa sehemu ya mfuko iliyoshikana na ini, na mimi naona huo ni uamuzi wa busara, si kazi nusunusu.

Muulizeni daktari huyo kama amewahi kumpasua mgonjwa wa aina hii na kama hospitali ina damu ya kutosha. Kama dada anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, asiziache kwa uamuzi wake. Akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.