Majibu kwa Wasomaji: Slabu Zinachubuka, Tufanyeje?

Tangu tuguse habari ya kadi za kukusanya, kama za Pokémon au za wachezaji, zilizopewa gredi, barua zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka palepale, namna ya kulinda slabu, yaani lile kasha gumu la plastiki ambalo kampuni kama PSA, Beckett au CGC inafungia kadi ikishaikagua hali yake na kuipa alama kati ya 1 na 10, ndiyo gredi. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Habari za kazi dada mhariri. Nakusanya kadi za Pokémon na slabu zangu nazisimamisha kwenye boksi la viatu, sijawahi kuangusha hata moja. Juzi nazitoa nizipige picha nakuta zimejaa vistari vyembamba vingi mno, mbele na nyuma. Vimetoka wapi, na kadi zenyewe zimeumia?

Pole kaka, ila nianze na lile linalokunyima usingizi: kadi zako zina uwezekano mkubwa sana ziko salama, na unaweza kuhakikisha mwenyewe sasa hivi. Shika slabu chini ya taa uiinamishe taratibu huku na huku, kistari kikihama kwenye picha ya kadi ujue kiko juu ya plastiki, kikiganda palepale kwenye picha vyovyote unavyoinamisha basi hicho kiko kwenye kadi, na hapo angalia tena zile picha ulizopiga siku kadi inarudi kutoka kwenye gredi kama kilikuwepo.

Sasa vimetoka wapi. Plastiki ya slabu ni ngumu ukiibinya lakini juu yake inachubuka kirahisi, na vumbi la kawaida lina chembechembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko yenyewe. Slabu zikikaa zimegusana tupu namna hiyo, kila ukichomoa moja unaisugua na za pembeni yake na vumbi liko katikati, yaani hukuhitaji kuangusha kitu, ile chomoa rudisha chomoa rudisha ndo imefanya kazi yote. Alafu ukiona vumbi unachukua kitambaa kikavu unafuta, plastiki inapata umeme tuli inavuta vumbi jingine, unafuta tena, na kila mara unaongeza vistari.

Dawa yake ni ya bei ndogo kuliko vyote vinavyouzwa kwenye mchezo huu, na kwa maoni yangu inafanya kazi kuliko vyote: slivu ya slabu, kile kifuko chembamba laini kinachokatwa kwa saizi ya slabu. Angalia vipimo kabla hujanunua manake slabu ya Beckett ni nene kuliko ya PSA, na slivu inayobana sana itaisugua slabu kila unapoiingiza wakati inayopwaya inakusanya vumbi ndani. Ukipata yenye gundi mdomoni, gundi iwe upande wa kifuko isiwe kwenye kile kikunjo cha kufungia, kwa sababu ikiwa kwenye kikunjo inanasa slabu ukiwa unaitoa. Na plastiki yake iwe polipropilini. Vile vifuko vya PVC laini achana navyo kabisa, vimelainishwa kwa kemikali ambazo miaka ikienda zinajitokeza na kuacha utando unaonata, na utando ule ukishashika slabu hautoki kwa kupangusa tu.

Kabla ya kuvalisha ondoa vumbi kwanza, ukitumia kile kipira cha kupulizia lenzi ya kamera, mdomo hapana kwa sababu ya mate. Ukishavalisha zote ndo uzirudishe kwenye boksi zikiwa zimesimama, zisibanane wala zisilale ovyo, ukiacha nafasi kubwa jaza sponji. Na vumbi la ndani ya boksi lenyewe usilisahau.

Mhariri shikamoo. Nilisafisha slabu kwa dawa ya kusafishia vioo, nyingine nikafuta kwa spiriti, zote ziling'aa. Baada ya muda moja imeanza kuonyesha vijiufa vidogo sana pembeni kama utando wa buibui. Naweza kuing'arisha irudi?

Marahaba mwanangu. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hili ndo linaharibu slabu nyingi kuliko kuanguka, na watu wanalifanya kwa nia nzuri kabisa.

Slabu inang'aa na inapitisha mwanga basi mtu anaiona ni kioo, anaitendea kama kioo. Kumbe ni plastiki, na hizi plastiki angavu kama akriliki na polistirini haziko rafiki na dawa kali. Ile amonia iliyomo kwenye dawa nyingi za vioo, spiriti, asetoni ya kutolea rangi ya kucha, petroli, tina, vyote vinaweza kuishambulia. Asetoni inaiyeyusha pale pale unaona. Spiriti ndo ya hatari zaidi kwa sababu haionyeshi siku ile, inaingia sehemu ambazo plastiki tayari imevutika, pembeni pale ambapo vipande viwili vimeungana, na nyufa zinachipuka polepole baadaye, ndo hizo unazoziona. Nyufa hizo ziko ndani ya plastiki, haziko juu, kwa hiyo hapana, hakuna king'arisho kitakachozirudisha, ukiendelea kusugua utazipanua tu.

Slabu ambazo bado nzima zisafishe hivi: pulizia vumbi, chukua kitambaa safi cha maikrofaiba ulichokifua bila dawa ya kulainishia nguo, kiloweshe kidogo sana kwa maji safi na ukikamue mpaka uhisi kama kikavu, kisha pangusa bila kukandamiza, mstari mmoja kwenda, usizungushe. Alama ya vidole ikikataa kutoka weka tone la sabuni ya vyombo kwenye yale maji. Maji usiyamwage wala kuyanyunyiza kwenye slabu hata kidogo! Watu wengi wanaamini slabu haipitishi kitu, si kweli, kule kwenye maungio hewa inapita na maji yanapita, na kadi ni karatasi, ikinyonya imenyonya.

Kung'arisha kunafaa kwa mikwaruzo ya juu juu tu. Pitisha ukucha polepole, usipokwama kuna matumaini, ukikwama mkwaruzo ni mrefu kwenda chini na utakachopata ni kuupunguza makali, basi. Tafuta king'arisho kilichotengenezwa kwa ajili ya plastiki, kama Novus ambayo inakuja kwa namba, namba 1 ya kusafisha, namba 2 ya mikwaruzo midogo na namba 3 ya mikubwa, na kwa slabu mi namba 3 siigusi mpaka nijaribu kwanza kwenye slabu tupu iliyovunjwa au ya kadi isiyo na thamani. Ziba maungio yote kwa ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi ili dawa isiingie, weka dawa kwenye kitambaa isiwe kwenye slabu, sugua kwa mkono. Drili hapana, inapasha plastiki moto inalainika unaacha doa la ukungu ambalo ni baya kuliko mkwaruzo wenyewe. Na kinachofanyika pale si kujaza mkwaruzo, unakula plastiki nyembamba ya pembeni yake mpaka kingo zake zisionekane, kwa hiyo si kazi ya kurudia kila mwezi. Dawa ya meno ambayo watu wanashauriana, iache mswakini, ukali wake unatofautiana na nyingine zitakuongezea vistari.

Slabu niliyonunua imekuja na stika ya bei mgongoni, gundi imeganda. Nitoe na nini?

Na kidole tu. Ipashe kwa joto la kiganja chako, iinue kona moja kwa ukucha na uivute ikiwa imelala karibu na plastiki, isiwe imesimama. Gundi itakayobaki bonyeza na selotepu uing'oe, bonyeza ng'oa, bonyeza ng'oa, itaisha. Inachosha lakini hakuna kemikali iliyoingia hapo. Mafuta ya viberiti watu wanayasifia sana kwa gundi, ila kwa plastiki za aina hii siyapendekezi.

Nataka kutundika slabu zangu ukutani sebuleni, dirisha liko mkabala. Kuna moja ina saini ya mchezaji. Slabu si inazuia jua?

Usiitegemee slabu kwa hilo. Jua linachosha rangi za kadi, na wino wa saini ndo unatangulia kufifia, na ukishafifia hakuna wa kuurudisha. Tafuta ukuta ambao mwanga wa jua haufiki saa yoyote, chunguza asubuhi na jioni kwa sababu jua linahama, na fremu yako iwe na kioo cha kuchuja mionzi ya UV. Kama huna ukuta wa hivyo mi ningetundika picha kubwa ya hiyo yenye saini, yenyewe ikae ndani.

Joto nalo linahesabika. Slabu iliyosahaulika kwenye dashibodi ya gari juani inaweza kupinda, na kadi za foili, zile zenye tabaka la kumetameta, zina tabia ya kujikunja unyevu ukibadilika badilika, hata zikiwa ndani ya slabu kwa sababu kama nilivyosema hewa inapita. Kipima unyevu kidogo ndani ya kabati kinasaidia, kikibaki asilimia 40 mpaka 50 uko pazuri, kikizidi weka vipakti vya silika jeli na uvibadilishe vikishiba.

Nauza slabu moja kwa posta. Bahasha ya mapovu inatosha?

Haitoshi ndugu. Bahasha inapinda na inabanwa na mizigo mingine. Slabu ivae slivu, ikae katikati ya vipande viwili vya katoni ngumu vilivyozidi ukubwa wake pande zote, funga kwa tepu inayoshika katoni na isiguse slabu, zungushia nailoni ya mapovu, alafu boksi dogo ulijaze mpaka ukilitikisa usisikie kitu kinatembea. Slabu mbili zikisafiri pamoja kila moja na slivu yake na katoni kati yao. Zile fremu za mpira zinazovalishwa pembeni ya slabu ni nzuri sana kwa kona, ndo zinazopokea kishindo, ila haziondoi haja ya slivu kwa sababu uso unabaki wazi.

Slabu yangu ya PSA imeanguka, kona imepasuka na kipande kidogo kimetoka. Kadi inaonekana nzima. Nigundishe na super glue?

Tafadhali usiguse gundi hiyo. Super glue ikikauka inatoa mvuke unaoganda kama ukungu mweupe kwenye plastiki, na hapo kona yako iko wazi mvuke utaingia mpaka ndani kwenye kadi. Pia slabu yenye gundi itaonekana kama ilifunguliwa ikarudishwa, nani atakuamini siku ya kuiuza.

Wala usiifungue mwenyewe. Kadi ikishatoka nje ya slabu gredi yake imekwisha, itabidi ianze upya. PSA wenyewe wana huduma ya kubadilisha kasha, unawatumia slabu hivyohivyo ilivyo na wao wanaihamishia kwenye mpya, na kampuni nyingine kubwa nazo zina huduma kama hiyo. Wakikuta kadi yenyewe iliumia kwenye lile anguko, gredi ya zamani inaweza isibaki, kwa hiyo ichunguze kwa kurunzi kabla hujalipa, hasa kona ya kadi iliyo upande uliopasuka. Kwa sasa iingize kwenye slivu ili vipande visitembee ndani, ilaze bila kuweka kitu juu yake, na upige picha mbele, nyuma, kona ile kwa karibu, na lebo mpaka namba ya cheti isomeke, kisha iingize namba hiyo kwenye tovuti yao uhakikishe inaleta kadi hiyohiyo, ndipo uijazie fomu.